Bendera za Ezili na Tatizo la "Mungu wa Kike"

Muhula uliopita, katika darasa la tafsiri la mwaka wa pili, tuliwapa wanafunzi maelezo mafupi ya picha kutoka katalogi moja ya maonyesho ya sanaa. Picha ilikuwa ya bendera ya Haiti. Si ile ya taifa, bali drapo, yaani kitambaa kilichodariziwa kwa mkono kwa ajili ya ibada ya Vodou. Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza, na yalidai kwamba mwanamke aliyeonyeshwa, Ezili Dantò, ni mungu wa kike wa mapenzi. Karibu darasa zima liliandika "mungu wa kike", nasi tukatia alama ya vema. Makala haya ni ya kuifuta alama hiyo.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Fundi hukiwamba kwenye fremu ya mbao, akachora umbo, kisha akashona vijisahani ving'aavyo, vile tuvionavyo kwenye magauni ya harusi, kimoja kimoja, kila kimoja kikishikiliwa na ushanga mdogo. Huhesabiwa kwa maelfu. Katika ibada drapo hutoka mbili mbili. Wabebaji huongozwa na mtu mwenye upanga, wakaizunguka nguzo ya katikati na kuzisalimu ngoma. Drapo nayo husalimiwa, kwa hiyo neno letu "bendera" linaifaa. (Bendera tuliipata kwa Wareno, drapo Wahaiti waliipata kwa Wafaransa; maneno yote mawili yalishuka merikebuni.)

Sasa tumtazame mwanamke. Dantò ni mweusi, ana makovu mawili shavuni na mtoto mikononi. Sura hiyo imetokana na picha ya Bikira Maria wa Częstochowa, Poland. Inasimuliwa kwamba ililetwa na askari wa Kipolandi ambao Napoleon aliwatuma kisiwani kuanzia mwaka 1802 kuwapiga waasi, na baadhi yao wakageuka wakajiunga na waasi hao. Wahaiti waliisoma picha upya. Makovu yakawa majeraha ya mama aliyepigania uhuru, ule uliotangazwa mwaka 1804. Mtoto, ambaye kwa Wapolandi ni Yesu, akawa binti aitwaye Anaïs. Tena Dantò hasemi; husimuliwa kwamba alikatwa ulimi. Huyu ndiye anayeitwa "wa mapenzi"! Anayehusishwa hasa na mapenzi ni Ezili Freda, mwenye vito na nguo za waridi. Katalogi ilimvisha mmoja jina la mwenzake.

Katika kazi hii fundi anayestahili kutajwa ni Myrlande Constant, aliyezaliwa Port-au-Prince mwaka 1968. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha magauni ya harusi, na ufundi wa kutia shanga aliojifunza huko akauhamishia kwenye drapo katika miaka ya 1990, wakati kazi hiyo ilikuwa zaidi ya wanaume. Vijisahani hung'aa lakini hutoa rangi bapa. Shanga zake zinatoa kivuli, mikunjo ya nguo, hata uchovu wa uso. Kazi zake zilionyeshwa Venice mwaka 2022 na katika jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles, mwaka 2023. Tunazistahi sana. Hata hivyo, baadhi ya zile kubwa zimejaa watu mno, jicho halipati pa kutua, wala hakuna awezaye kuzibeba kuizunguka nguzo. Kwa upande wetu tunaipenda zaidi drapo ndogo inayobebeka.

Turudi kwenye neno. Wafuasi wa Vodou wanamjua Mungu mmoja, Bondye. Ezili ni lwa, roho aliye kati ya Bondye na watu. Zaidi ya hayo, Kikrioli cha Haiti kina kiwakilishi kimoja, "li", kwa mwanamume na mwanamke, kama "yeye" yetu. Lugha zote mbili hazimlazimishi msemaji kutaja jinsia. Kiingereza ndicho kilichotutwika mzigo huo, nasi tukaubeba bila kuuliza.

Je, tuseme "pepo"? Hapo tunakaribia. Pwani mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, na Haiti huitwa farasi wa lwa. Lakini masikioni mwa wengi "pepo" limekwisha kuharibiwa na mahubiri ya kuwatoa pepo wachafu, na mwanafunzi atakayelitumia atamtukana Dantò bila kukusudia. Tunapendekeza liachwe neno "lwa", lichukue upatanisho wa a-/wa-: lwa huyu amekuja, lwa hawa wamekuja.

Atakayeona hilo ni geni awakumbuke wachoraji wa Lubumbashi katika miaka ya 1970. Walimchora sana Mamba Muntu, mwanamke wa majini mwenye kuleta utajiri, ambaye tungeweza kumwita ndugu ya Lasirèn, lwa wa baharini aonekanaye pia kwenye drapo. Jina linasema mamba, mkia ni wa samaki, na Kiswahili cha Katanga kilimpokea hivyo hivyo pasipo kumwongezea "mungu".

Zoezi tulilirudia. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Drapo ya lwa Ezili Dantò, mwenye makovu mawili shavuni, amempakata bintiye." Mapenzi ameyaacha. Tumempa alama zote.