Kaya si Familia

Kosa moja limekuwa sugu katika tafsiri za taarifa za sensa. Neno kaya huandikwa familia, kana kwamba maneno haya mawili ni pacha. Wengine huliona kuwa jambo dogo la uteuzi wa maneno. Sivyo, kosa hili hupotosha maana ya takwimu zenyewe.

Familia hujengwa na damu na ndoa. Kaya, katika lugha ya sensa, hujengwa na makazi na chungu: ni mtu mmoja, au watu kadhaa, wanaoishi pamoja na kushirikiana katika mahitaji ya maisha, wawe ndugu au wasiwe. Mtumishi wa nyumbani anayelala na kula kwa mwajiri wake ni mmoja wa kaya hiyo, ingawa si wa familia. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, ana familia moja. Lakini karani wa sensa ataandika kaya mbili, na mume atahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Na mseja aliyepanga chumba na kujipikia ni kaya kamili.

Sasa tutazame madhara. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa watu 4.3 katika kaya. Wastani huo ulikuwa umeshuka tangu sensa ya 2012. Mfasiri akiandika "familia", msomaji ataelewa kwamba wazazi wanazaa watoto wachache zaidi. Takwimu hiyo peke yake haisemi hivyo, kwani kaya hupungua ukubwa pia vijana wanapoondoka kwao na kupanga peke yao. Ofisa ataona mahitaji ya madarasa yanapungua, kumbe ni mahitaji ya nyumba yanayoongezeka.

Yafaa tukiri kwamba neno kaya lina mzigo wake. Katika pwani ya Kenya ni jina la makazi ya kale ya Wamijikenda, yaliyozungukwa na misitu. Lakini dawa ya utata ni fasili, si kuazima neno la jirani. Mfasiri na aandike kaya, aifasili inapotajwa mara ya kwanza, kisha asiibadilishe hadi mwisho wa taarifa.