Wajumbe Sita wa Kusadikika

Husemwa kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii ni kweli, walakini haituambii mhunzi hupataje koleo jingine. Jawabu moja limo katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951.

Katika hadithi hiyo wajumbe sita walipelekwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja alirudi na maarifa, na kila mmoja alitiwa kifungoni. Hawakushindwa kwa uvivu wala kwa ujinga. Walishindwa kwa kuwa walileta habari ambazo wakubwa hawakupenda kuzisikia. Asomaye upesi ataona kuwa jasho lao lilimwagika bure.

Ndipo atokeapo Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Silaha yake barazani haikuwa matusi wala machozi. Alizichukua habari za wajumbe, moja baada ya moja, akazipanga mbele ya mfalme hata zikawa ushahidi. Uliokuwa msiba wa mtu mmoja mmoja ukawa hoja ya nchi nzima. Mwisho Karama aliachiliwa, na wajumbe nao wakafunguliwa.

Watu wengi hunena kwamba kushindwa ni mwalimu. Kitabu hiki chaonyesha vingine. Kushindwa kwa wajumbe hakukumfundisha mtu neno. Kulilala gerezani pamoja nao mpaka alipopatikana mtu wa kukumbuka, kupima na kueleza. Mwalimu ni fikira. Kushindwa ni somo tu, na somo lisilofunguliwa halimfai mtu.

Hata hivyo kitabu kina upungufu wake. Wajumbe wenyewe hatuwasikii vya kutosha wakieleza waliyoyawaza kifungoni, na moyo wa mfalme wageuka kwa wepesi mno. Duniani ni nadra baraza kuongoka kwa hotuba, hata ikiwa njema namna gani.

Lakini shabaha ya mwandishi yabaki imara. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani, kisha akaitupa karatasi yake, ameanguka mara mbili. Yule aifunguaye tena, akatafuta hasa alipokosea, amefanya kazi ya Karama: amemfungua mfungwa.