Kicheko cha Jumamosi Usiku na Mizani Yake

Kuna lalamiko moja ambalo umri wake unakaribia umri wa kipindi kinacholalamikiwa: kwamba Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho vifupi kinachorushwa na shirika la NBC kutoka New York, hakichekeshi tena kama zamani. Lilisemwa mwaka 1980, pale kundi la kwanza la waigizaji lilipotawanyika na mwasisi wa kipindi, Lorne Michaels, akaondoka kwa muda wa miaka mitano. Likasemwa kwa sauti kubwa zaidi katika msimu wa 1994 na 1995. Linasemwa hadi leo, baada ya kipindi kuadhimisha miaka 50 mnamo Februari 2025. Hata wenyewe wamekwisha kulifanyia mzaha. Tarehe 29 Septemba 2001, majuma mawili na ushei baada ya mashambulizi yaliyoua maelfu ya watu, Meya Rudolph Giuliani alisimama jukwaani pamoja na wazimamoto na askari wa mji ule. Michaels akamwuliza kama inajuzu kuchekesha. Meya akamjibu kwa swali: kwa nini waanze leo? Mji uliokuwa na msiba ukacheka.

Lalamiko lililodumu nusu karne haliwezi kuwa kweli nyakati zote. Lau kila kizazi cha waigizaji kingekuwa dhaifu kuliko kilichotangulia, kipindi kingekwisha zamani. Lakini haliwezi pia kutupwa kama maneno ya wazee wasioridhika, maana ndani yake mna swali ambalo kila mpenzi wa sanaa hana budi kulijibu: kazi inayotungwa kwa siku sita, ikachezwa mara moja na kupita, ipimwe kwa mizani gani?

Kwanza inafaa uangaliwe huo uzamani unaosifiwa. Onyesho la kwanza lilirushwa tarehe 11 Oktoba 1975, mgeni akiwa mchekeshaji George Carlin. Anayelitazama leo kwa kutarajia dhahabu tupu atashangaa. Carlin anarejea jukwaani mara kwa mara kuzungumza peke yake. Wanamuziki wawili, Billy Preston na Janis Ian, wanaimba kila mmoja nyimbo mbili. Vikaragosi vya Jim Henson vinachukua fungu lao, nao waigizaji ambao baadaye walikuja kutajwa kwa heshima kubwa, akina John Belushi, Gilda Radner na Dan Aykroyd, wanaonekana kwa uchache. Kilichobaki katika nyoyo za watu ni kipande cha Andy Kaufman. Kijana huyo alisimama kando ya gramafoni iliyokuwa ikicheza wimbo wa katuni za watoto. Akanyamaza, macho yakamhangaika, akasubiri. Ulipofika mstari mmoja wa kishujaa, akanyanyua mkono na kujifanya anauimba kwa fahari, kisha akarudi katika unyonge wake. Hakutamka neno lolote. Kichekesho chote kilikuwa katika kule kusubiri.

Ndivyo kumbukumbu ifanyavyo kazi. Hupepeta: pumba huruka, punje hubaki, na baada ya miaka 20 mtu huapa kwamba enzi zile hapakuwa na pumba. Mwenye kulilinganisha onyesho zima la Jumamosi iliyopita na punje teule za miaka mitano ya mwanzo amekwisha kutoka katika uhakiki na kuingia katika maombolezo.

Utetezi wa kipindi nao una mashiko yake. Jumatatu waandishi hukutana na mgeni wa wiki. Jumanne hukesha wakiandika. Jumatano husomwa mezani vichekesho vipatavyo 40, na vingi hukataliwa. Alhamisi na Ijumaa hujengwa mandhari, hutayarishwa mavazi na kufanywa mazoezi. Jumamosi jioni huchezwa mbele ya watazamaji vichekesho vingi kuliko nafasi iliyopo, kisha vingine hukatwa muda mfupi kabla ya kwenda hewani. Ifikapo saa tano na nusu za usiku, hakuna tena kurudia hadi saa saba. Waigizaji husoma maneno yao katika makaratasi makubwa yaliyoandikwa kwa mkono, kwa kuwa maneno hayo huweza kubadilishwa hadi dakika za mwisho. Kazi hiyo hufanywa katika Studio 8H ya jengo la Rockefeller, ukumbi ambamo zamani Arturo Toscanini aliongoza okestra ya NBC. Kwa kazi ya namna hiyo, kutarajia kila kipande kiwe kizuri ni kutoijua kazi yenyewe.

Hata hivyo, utetezi huo una mpaka. Mwambao huu umezoea malumbano ya mashairi, na msikilizaji wake anajua kuwa malenga anayejibu papo kwa papo hapewi ruhusa ya kuvunja mizani kwa sababu hakupewa muda. Husifiwa zaidi akipatia, lakini akikosea husikika kuwa amekosea. Haraka hueleza kosa, haiwi fidia yake. Kwa hiyo mizani ya haki ni kukiangalia kila kichekesho peke yake, kama ubeti, na kuuliza mambo matatu: kina wazo gani, wazo hilo linakua au linarudiwa, na kituo chake kinafunga nini.

Kwa mizani hiyo, kosa kongwe la Saturday Night Live linaonekana mara moja, nalo liko katika kituo. Vichekesho vyake vingi huanza kwa wazo zuri. Katika dakika ya kwanza mtazamaji hulielewa na kucheka. Katika dakika ya nne wazo ni lile lile, ila sauti za waigizaji zimepanda. Kisha muziki hupigwa, watazamaji hushangilia kwa adabu, na kichekesho huwa kimekoma bila ya kumalizika. Kosa hili lilikuwepo mwaka 1975 na lipo sasa. Mwenye kudai kwamba ni ugonjwa mpya hakuangalia vizuri, na mwenye kudai kwamba ndiyo tabia ya sanaa hii anapingwa na vichekesho bora vya kipindi chenyewe.

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 22 Oktoba 2016, wiki mbili na ushei kabla ya uchaguzi wa rais, kilichezwa kichekesho kiitwacho Black Jeopardy, kilichoiga mashindano mashuhuri ya maswali ya televisheni. Washiriki wake huwa ni Wamarekani weusi, na maswali hutoka katika maisha yao ya kila siku. Safari hii mshiriki wa tatu alikuwa Doug, Mzungu mwenye kofia nyekundu ya wafuasi wa Donald Trump, aliyechezwa na Tom Hanks. Mtazamaji anangoja Doug aaibishwe. Badala yake, Doug anapatia swali baada ya swali. Haiamini simu inayomtaka aweke alama ya kidole chake. Anaamini kuwa wakubwa hupanga nani ashinde kabla kura hazijapigwa. Washiriki wenzake wanastaajabu, kisha wanaanza kumpenda. Mwendeshaji, aliyechezwa na Kenan Thompson, anamwendea ili ampe mkono, na Doug anarudi nyuma kwa hofu kabla ya kuupokea. Kicheko hapo kina uchungu ndani yake. Halafu hutangazwa fungu la mwisho la maswali, linalohusu maisha ya nani yana thamani. Nyuso zinabadilika, na mwendeshaji anamwambia Doug kuwa mambo yalikuwa mazuri yalipokuwa mazuri.

Hicho ndicho kituo. Wazo la watu wawili wa tabaka moja kugundua kuwa wanafanana limekua hatua kwa hatua, na mwisho wake unaonyesha kinachowazuia wasipatane. Hakuna aliyehubiriwa. Kichekesho hicho nacho kiliandaliwa na kupita katika wiki ile ile ya siku sita, kwa hiyo haraka si kisingizio cha kutosha.

Mizani ya pili inahusu dhihaka kwa watawala, jambo ambalo limekipa kipindi hiki sifa kubwa kuliko jingine lolote. Hapa inafaa ikumbukwe tofauti ambayo Kiswahili kinaijua vyema, baina ya utani na kijembe. Utani hufunga udugu: mtani hukusema, nawe humsema, kisha mnakula sahani moja. Kijembe hukata. Dana Carvey alimwiga Rais George H. W. Bush kwa miaka kadhaa, na Desemba 1992, baada ya kushindwa katika uchaguzi, Bush alimwalika Ikulu akawachekeshe wafanyakazi wake. Ni kisa cha kupendeza, na kinaonyesha ukarimu wa pande zote mbili. Lakini kinaonyesha pia kuwa kilichokuwa kikichezwa kilikuwa utani. Hakikumkata mtu.

Kijembe nacho si lazima kiwe cha haki. Chevy Chase alipomcheza Rais Gerald Ford, hakujipaka rangi wala kuiga sauti yake. Alianguka tu, mara kwa mara. Ford alikuwa mwanamichezo aliyecheza mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Michigan, lakini picha ya mtu asiyeweza kusimama ikamganda. Kichekesho kilifaulu kwa nguvu, si kwa ukweli. Tina Fey alifanya kazi iliyo bora zaidi mwaka 2008 alipomcheza Sarah Palin, mgombea wa umakamu wa rais. Katika kichekesho cha mahojiano, waandishi walichukua sehemu za majibu ya Palin mwenyewe na kuziacha karibu kama zilivyosemwa. Kazi yao ilikuwa kuchagua na kuweka mahali pake. Kicheko kikatoka katika maneno ya mhusika, naye asingeweza kulalamika kuwa amesingiziwa.

Ni katika mizani hii kwamba kipindi kilipwaya baada ya 2016. Alec Baldwin alimcheza Donald Trump kwa midomo iliyobinuliwa na mikono iliyopepea. Alipata Emmy mwaka 2017 na Trump mwenyewe alikasirika hadharani. Lakini vichekesho vingi vya kufungulia onyesho katika miaka hiyo vilisimulia habari za wiki ambazo mtazamaji alikwisha kuzisikia, vikamlipa kwa furaha ya kuzitambua. Watu walipiga makofi pale ambapo zamani wangecheka. Makofi humwambia msanii kuwa wasikilizaji wanakubaliana naye. Kicheko humwambia kuwa amewashtukiza. Tena, kipindi hicho hicho kilikuwa kimempa Trump jukwaa zima kama mgeni wa wiki tarehe 7 Novemba 2015, alipokuwa akiwania uteuzi wa chama chake. Aliyemkaribisha mtu chakulani kama mtani hupata taabu kumgeuzia kijembe mwaka unaofuata.

James Austin Johnson, aliyejiunga na kipindi mwaka 2021, alionyesha njia iliyo bora. Yeye alisikiliza mwendo wa sentensi za Trump: namna zinavyoanza na mambo ya taifa, zikapotelea katika sinema au kisa cha zamani, zikarejea zimesahau zilikotoka. Kwa lugha ya washairi, alikwenda kwenye mizani ya mtu yule badala ya vina vyake. Mpenzi wa ushairi atatambua kuwa hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayofichua fikra iliyomo.

Kwa wasomaji wa mwambao, kuna tahadhari moja zaidi. Saa tano na nusu za usiku wa New York huku ni asubuhi ya Jumapili, saa kumi na mbili na nusu au saa moja na nusu kwa kufuata majira ya kule. Wengi huku hukijua kipindi kwa vipande vinavyosambaa katika intaneti, desturi iliyopata nguvu tangu Desemba 2005, pale wimbo wa mzaha uitwao Lazy Sunday, wa Andy Samberg na Chris Parnell, ulipoenea kupitia YouTube. Vipande hivyo huchaguliwa ama kwa uzuri wao au kwa ghadhabu wanayoiamsha. Kumhukumu malenga kwa ubeti mmoja uliokatwa katika diwani yake ni dhulma, uwe ubeti ule mzuri au mbaya.

Wala isisemwe kuwa sanaa ya tukio la wiki haina haki ya kudumu. Visiwa hivi vina ushahidi wao. Wimbo wa Kijiti, ulioimbwa na Siti binti Saad, ulihusu mauaji ya mwanamke na kesi yake, habari ya mji ambayo ingeweza kusahauliwa mapema. Unakumbukwa hadi leo kwa kuwa uliona dhulma iliyokuwa ndani ya habari ile. Habari ilikuwa ya wakati wake, jicho halikuwa la wakati mmoja.

Hukumu ya haki kwa Saturday Night Live, basi, ni kwamba ni kipindi cha ubora usiolingana, na kimekuwa hivyo tangu usiku wake wa kwanza. Hakikushuka kutoka kilele ambacho hakikuwahi kukaa juu yake. Kinastahili lawama kwa vituo vilivyolegea, na kwa kuwaiga watawala pasina kuwaona. Kinastahili sifa kila kinapowakumbuka Kaufman na gramafoni yake, kwa maana ya kuliamini wazo moja na kulingoja mpaka wakati wake ufike. Wanaosema kwamba kimekwisha na wanaokisamehe kila kitu wana kosa moja linalowaunganisha: wote wameacha kusikiliza. Mtawala asiyependa kuchekwa hana haja ya kukifunga kipindi ambacho watazamaji wake wamefika hapo.