Besi ya kwanza ya mtoto: pima uzi kabla ya bei

Besi inayofika Kasongo au Kabambare imetoka mbali, mara nyingi Bukavu, juu ya lori au nyuma ya pikipiki. Anayeinunua kwa ajili ya kwaya au okestra huuliza bei, kisha huuliza kama inalia vizuri. Mtoto wa miaka saba au minane akitaka kujifunza hukabidhiwa hiyohiyo, maana ndiyo iliyopo. Siku zinapita, mtoto anaiacha, na wakubwa wanasema hana kipaji. Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye chombo, na mtu anaweza kuliona kwa meta ya fundi cherehani kabla hajatoa hata faranga moja.

Cha kupima ni urefu wa uzi unaotetema: kuanzia kile kipande cha mfupa au plastiki kilichoko kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja. Kwenye besi ya kawaida ni sentimita 86 na kidogo. Kipimo hicho tumekirithi kwa Leo Fender wa California, aliyetoa besi yake ya Precision mwaka 1951. Alitaka chombo ambacho mpiga kontrabasi angeweza kukining'iniza begani, chenye freti za kumwonyesha mahali sauti ilipo. Uzi wa kontrabasi hupita mita moja, kwa hiyo sentimita 86 zilikuwa nafuu kubwa. Lakini ni nafuu kwa mkono wa mtu mzima.

Tuone mkono wa mtoto unakutana na nini. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne, kwenye uzi wa sentimita 86, ni sentimita 13. Hapo ndipo vidole vinne hutakiwa kukaa, kila kimoja na freti yake. Nilimwona mvulana wa miaka minane Kasongo akijaribu: shahada ikabaki freti ya kwanza, kidole cha mwisho kikajinyoosha, kifundo cha mkono kikajikunja kama ndoano, na bega la kushoto likapanda hadi karibu na sikio. Akamwambia aliyekuwa akimfundisha: «Mjomba, kidole hakifike.» Alikuwa anasema kweli. Mkono uliokunjwa hivyo hauna nguvu ya kubana uzi mnene, na akilazimisha, mishipa itauma.

Watengenezaji walilijua jambo hili mapema. Gibson ilitoa besi fupi mwaka 1953, na Höfner ya Ujerumani ikatengeneza ile ndogo ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961. Fender yenyewe ilileta Mustang Bass mwaka 1966, yenye uzi wa sentimita 76, ikiwafikiria wanafunzi. Siku hizi Ibanez ina Mikro, yenye sentimita 72 na nusu hivi. Faida za besi fupi ni mbili kwa pamoja. Kwenye sentimita 76, ile nafasi ya freti ya kwanza hadi ya nne inashuka hadi sentimita 11 na nusu. Tena, uzi uleule ukityuniwa sauti ileile unalegea, kwa sababu mvuto hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu: hapa umepungua kwa karibu asilimia 22. Kidole kinabana kwa nguvu ndogo zaidi.

Kama una ndugu Lubumbashi, Dar es Salaam au Ulaya anayeweza kukutumia besi ya namna hiyo, mwambie atume, na jambo limekwisha. Wengi hawana. Kwa hao nina jibu ambalo nimelifikiria sana, nalo ni gitaa la kawaida la nyuzi sita, lile la nyuzi za nailoni, likitolewa nyuzi mbili nyembamba.

Nyuzi nne nene za gitaa hilo ni mi, la, re, sol. Besi nayo ni mi, la, re, sol, kwa mpangilio uleule, ila chini kwa oktavu moja. Kila kitu ambacho mtoto atakishika hapo, yaani sauti ziko wapi, kidole kipi kinafuata kipi, namna ya kutoka do kwenda fa na kurudi, atakikuta vilevile kwenye besi kubwa. Uzi una sentimita 65, na kutoka freti ya kwanza hadi ya nne haifiki sentimita 10. Mkono wa miaka minane ukiona hata hizo ni nyingi, afuate utaratibu wa wapiga kontrabasi, ambao Franz Simandl wa Vienna aliuandika kwenye kitabu chake cha mafunzo katika karne ya 19: kidole cha kwanza, cha pili, kisha cha tatu na cha nne pamoja, na mkono unamiliki freti tatu tu. Hapo ni sentimita 6 na nusu hivi, na vidole viwili dhaifu vinasaidiana.

Kishawishi kitakuja cha kulegeza nyuzi hizo ili zishuke oktavu nzima na kulia kama besi kweli. Msifanye. Sauti ikishuka oktavu moja, mvuto unabaki robo, uzi unalegea na kupigapiga freti bila kutoa sauti safi. Mi ya besi ni kama mitetemo 41 kwa sekunde, ya gitaa ni 82. Kuishusha kwa urefu uleule na mvuto uleule kunataka uzi mzito mara nne, ndiyo maana nyuzi za besi zimezungushiwa waya mnene. Mtoto na ajifunze juu, oktavu itamngoja.

Watu wanaotengeneza magitaa yao kwa mbao na mkebe hutumia nyaya za ndani ya kebo ya breki ya baiskeli. Ufundi huo una heshima kubwa katika muziki wetu. Franco Luambo, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938, alijitengenezea gitaa lake la kwanza akiwa na miaka kama saba, kwa mkebe na waya za umeme zilizomenywa, kisha Paul Ebengo Dewayon akamfundisha kwa gitaa halisi. Lakini kwa kidole kinachoanza, waya wa breki unakata, na ncha yake ni hatari kwa jicho. Wala msifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililojengwa kwa nailoni: zinavuta kwa nguvu karibu mara mbili, na daraja linang'oka na ubao wake.

Kuna sababu nyingine ya kulipendelea gitaa hili, ambayo kwetu ina uzito kuliko ya vipimo: halihitaji umeme. Besi ya umeme isiyo na amplifaya karibu haisikiki. Mtoto asiyejisikia hupiga kwa nguvu na kubana kwa nguvu, akidhani kosa ni lake, na tabia hiyo humkaa mkononi miaka mingi. Kungoja jenereta iwashwe, au betri ya paneli ishibe, kunamwachia mazoezi ya Jumamosi peke yake. Gitaa lenye tumbo analipiga barazani jioni yoyote.

Nafasi kati ya nyuzi ni sentimita 1 hivi, nusu ya ile ya besi, na vidole viwili vya mkono wa kulia vitabanana. Basi apige kwa dole gumba. Wapiga gitaa wa Katanga walilijua dole gumba vizuri: Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, aliendesha besi kwa dole gumba huku shahada ikiimba juu yake, mtu mmoja akisikika kama wawili. Hata ile Precision ya 1951 ilikuwa na kibao cha kushikilia vidole chini ya nyuzi, kwa sababu wapigaji walitarajiwa kutumia dole gumba.

Kuhamia besi kubwa kuna kipimo chake, na umri sicho. Chora kwenye ubao alama mbili zilizoachana sentimita 9, umbali wa freti ya kwanza hadi ya tatu kwenye besi ya mtu mzima. Mtoto akizigusa kwa shahada na kidole cha mwisho, kifundo kikiwa kimenyooka, yuko tayari. Kabla ya hapo, kwaya ikimhitaji, akae kwenye kiti na besi pajani, mkabane nyuzi zote kwenye freti ya tano kwa kapo, yaani kibanio cha shingoni, au kwa kijiti kigumu kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Uzi unaobaki una urefu wa sentimita 64 na nusu hivi, karibu sawa kabisa na gitaa lake la nyumbani. Nyuzi wazi sasa zitalia la, re, sol, do, na anayemfundisha amwambie hivyo mapema, kabla wapiga gitaa la solo na la akompa hawajaanza kumshangaa.