Orodha ya michezo ya mtoto imeacha nini nje?

Bila shaka umeshatumiwa angalau mara moja: orodha ya michezo ya kumtengenezea mtoto nyumbani. Chupa ya maji yenye maharage ndani inakuwa kayamba. Vizibo vya soda ni vya kupanga kwa rangi. Boksi la sabuni ni gari, soksi kuukuu ni mwanasesere. Halafu pembeni ya kila mchezo kuna maelezo: huu unakuza upande wa kulia wa ubongo, ule unajenga akili ya hesabu.

Michezo yenyewe sina neno nayo. Ugomvi wangu ni na hayo maelezo ya pembeni.

Hilo la upande wa kulia tulimalize haraka. Ubongo haufanyi mazoezi upande mmoja kama mtu anayenyanyua chuma kwa mkono mmoja. Mtoto anayepanga vizibo anatumia macho, vidole, kumbukumbu na, akiwa na mtu wa kuongea naye, lugha. Pande zote mbili ziko kazini. (Na kama hajafikisha miaka 3, vizibo visiwepo kabisa, maana vinaweza kumkaba koo. Ningependa huo ndio uwe mstari wa kwanza wa orodha.)

Sasa utauliza: kwani hakuna ushahidi kwamba vichezeo vya nyumbani vinamsaidia mtoto? Upo, tena mzito, na ndiyo maana inauma ukitumika vibaya.

Mwaka 1986 na 1987, huko Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Waliwagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki. Kundi la pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii kwa saa moja kila wiki, kwa ajili ya kucheza. La tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata chochote kati ya hivyo. Mpango ulidumu miaka miwili. Vichezeo vilitengenezwa kwa vitu vya kawaida vilivyokwisha kutumika: chupa, maboksi, vitambaa. Ukiviona ungesema ni vile vile vya kwenye orodha.

Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta watoto wale, wakawapata 105. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science mwaka 2014: waliotembelewa walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha tofauti ya kudumu namna hiyo.

Haya, hapo ndipo watu wanaposoma mbio mbio na kubaki na chupa mkononi. Rudi nyuma uangalie nini hasa kilipelekwa kwenye zile nyumba. Saa moja kila wiki kwa miaka miwili ni karibu saa 100. Mhudumu hakuja kumchezesha mtoto huku mama yuko jikoni. Alikaa na wote wawili, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mwanawe, akamsifia alipofanya vizuri, akaacha vichezeo pale hadi safari ijayo alipovibadilisha. Yule mhudumu alifundishwa kazi hiyo na alilipwa. Orodha ni bure kwa sababu imeondoa sehemu yote iliyogharimu.

Kingine ni kwamba kichezeo kinaweza hata kumnyamazisha mzazi. Anna Sosa, wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, alirekodi sauti nyumbani kwa wazazi 26 waliokuwa wakicheza na watoto wao wa miezi 10 hadi 16, akachapisha matokeo Desemba 2015. Vichezeo vya betri, vile vinavyoimba na kuongea, vilipotumika, wazazi walisema maneno machache kuliko walipokuwa na vitabu au vichezeo vya kawaida. Uzuri wa boksi la sabuni ni kwamba haliongei, inabidi wewe ndiye uongee. Lakini ukimwekea mtoto boksi sakafuni ukarudi kwenye simu yako, umempa boksi tu.

Tusiitwishe Jamaika mzigo usio wake pia. Watoto 129 ni wachache, na wote walikuwa na udumavu. Utafiti ule haumwahidi mtoto aliyeshiba wa mjini asilimia 25 ya chochote. Anayekuuzia kozi ya malezi kwa namba hiyo anakudanganya.

Halafu, mbona karibu kila mchezo wa kwenye orodha unafanyika mtoto amekaa? Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 atumie angalau dakika 180 kwa siku akijishughulisha na mwili, kidogo kidogo kutwa nzima. Kukimbizana, kuruka, kuviringisha tairi kuukuu, kufuata kaka zake kwenye kombolela hata kama sheria hazielewi. Hapo hahitaji gundi wala mkasi. Anahitaji mahali na jicho la mtu mkubwa, na kwa mama anayetoka alfajiri kwenda sokoni na kumwacha mtoto kwa dada yake wa miaka 10, hilo jicho ndilo linalokosekana. Chupa tupu anazo tele.

Kama wewe ni mwalimu, mhudumu au ndiye unayesambaza orodha hizi, ile kayamba ingeweza kuandikwa hivi: mtoto wa miezi 9 na kuendelea, mtu mzima awepo muda wote. Kifuniko kibanwe na kuzungushiwa gundi ya karatasi mara kadhaa, kwa sababu maharage nayo yanakaba. Tikisa mara mbili. Mpe. Nyamaza usubiri, hata kama anaanza kwa kuilamba. Akitikisa, tikisa na wewe, umwambie anachofanya, kwa lugha mnayoongea nyumbani. Akichoka, acheni.