Wastani nao hupinda

Ndugu zangu, wengi husifu hesabu ya kumnasa jaji mwenye upendeleo katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu: linganisha alama zake na wastani wa wenziwe, utazame kama humzidishia mtu wa nchi yake. Sawa, lakini wakipatana wengi je? Wastani wenyewe hupinda, na mkweli ndiye aonekane kapotoka!

Salt Lake City mwaka 2002, Warusi waliwashinda Wakanada kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jaji wa Ufaransa alifungiwa miaka 3. Kilichofichua si hesabu, ni kauli yake kuwa alishinikizwa, ingawa baadaye aliikana. Halafu eti dawa ikawa kuficha nani katoa alama ipi, hadi 2016!

Mie naona takwimu zituonyeshe pa kuchimba tu. Hukumu itake ushahidi, na majina yawe wazi.