Jamani, Hii Hedonism! Na Ile Spice Tree!

Rafiki yangu, kaa chini nikuambie. Nimetoka kuonja sasa hivi, ulimi bado una vanila, glasi tupu iko hapa mezani na bado inanukia, nami siwezi kutulia mpaka nikueleze habari za wiski za Compass Box. Siwezi! Nilizoea wiski ya kuchoma koo, ya kumeza upesi huku uso umekunjamana. Leo nimekutana na kitu laini, kizito, chenye kunukia, cha kubembeleza, kitamu kweli kweli, na bado!

Tuanze na Hedonism, maana ndiyo iliyofungua njia. Ile kuinua glasi tu, haijafika hata mdomoni, harufu ya nazi hii hapa! Tui zito, lile la kwanza, halafu vanila, halafu sukari iliyoanza kuungua chini ya sufuria. Nikapiga funda dogo. Haikuchoma hata kidogo! Iliteleza tu, mororo, ikajaa kinywa kizima, ikakaa, ikakaa tena, na nilipodhani imeshakwisha ikaniletea utamu mwingine kabisa, wa krimu, mzito, mpole... Nilifumba macho, nakwambia.

Na unajua imetengenezwa kwa nini? Kwa wiski ya nafaka! Kule Uskoti kuna wiski ya kimea cha shayiri, ile inayosifiwa kila mahali, na kuna hii ya nafaka, hasa ngano au mahindi, inayokeneshwa kwenye mitambo mirefu isiyopumzika. Hii ya pili kwa miaka na miaka ilikuwa ya kulainishia mchanganyiko tu, jina lake hulioni kwenye chupa. Sasa akaja John Glaser, Mmarekani aliyekuwa kwenye kazi ya masoko ya wiski ya Johnnie Walker. Mwaka 2000 akaacha kazi yake nzuri, akaanzisha Compass Box, akaanza kuchanganya wiski zake jikoni kwake London, na chupa ya kwanza kabisa kuitoa ikawa hii Hedonism, ya nafaka tupu, bila tone la wiski ya kimea! Huo ni ujasiri, jamani. Ni ujasiri mkubwa mno.

Tena Compass Box si kiwanda cha kukenesha wiski. Wananunua wiski kwa wenye viwanda, wanachagua mapipa, wananusa, wanaonja, wanachanganya, wanaiacha ikae, wanaonja tena. Nguvu yao yote iko kwenye pua na kwenye pipa, basi. Ndiyo maana nimechizika nayo hivi: kumbe mtu anaweza kujenga jina kwenye biashara ya wakongwe na matajiri bila kumiliki mtambo hata mmoja, akiwa na ulimi makini na wazo lake!

Sasa shika kiti vizuri, tunakuja kwenye Spice Tree.

Weee! Hii niliinusa kwa muda mrefu kabla ya kuigusa, maana sikutaka harufu iishe. Karafuu, tangawizi, iliki kwa mbali, na chini yake utamu mzito wa mwaloni. Ukinywa, inaanza polepole, tamu tamu, halafu ghafla viungo vinaamka ulimini, vinacheza, vinapanda hadi puani, kifua kinapata joto zuri la kutulia. Nikadondoshea maji kidogo, matone tu, na hapo ikafunguka upya kabisa, ikatoa matunda makavu ambayo mwanzo hayakuwepo. Glasi ile ile! Nani alijua maji yanaweza kufanya hivyo?

Na historia yake sasa! Ilipotoka mara ya kwanza, mwaka 2005, Glaser alichukua vipande bapa vya mwaloni mpya wa Ufaransa akavipachika ndani ya mapipa, ili wiski inywe ladha ya mti ule. Watengeneza mvinyo walishakuwa na ujanja huo. Lakini chama cha wenye wiski wa Uskoti, Scotch Whisky Association, kikasema hapana, hiyo si desturi yetu, acha au tuonane mahakamani. Mwaka 2006 akalazimika kuacha. Wengine wangezika jina pale pale. Yeye akarudi kwenye pipa lenyewe, akaliangalia upya: kama vipande vya ndani vimekatazwa, je, mifuniko? Akatengenezewa mapipa yenye mifuniko ya mwaloni mpya wa Ufaransa, uliochomwa kwa moto kwa viwango mbalimbali, na mwaka 2009 Spice Tree ikarudi mezani kihalali kabisa. Mti ule ule, sheria haijavunjwa! Ukijua hayo halafu ukapiga funda, ladha inazidi, nakuapia.

Na bado! Kuna Peat Monster, hii ni ya wapenda moshi. Shayiri yake imekaushwa kwa moto wa mboji, ule udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa, ukakaushwa na kuchomwa kama kuni. Nilipoinusa nikajiona niko ufukweni jioni samaki wanabanikwa. Moshi, chumvi, upepo, kisha utamu unakuja nyuma yake kimya kimya. Si ya kila mtu, hilo nalisema wazi, ila mimi imenishika. Halafu kuna Orangerie, wiski iliyolowekwa maganda ya machungwa pamoja na viungo. Kwa sheria haiwezi kuitwa wiski ya Uskoti tena, lakini harufu yake, mama yangu! Chungwa bichi, limemenywa sasa hivi.

Lakini lililonigusa kuliko hata ladha ni uwazi wao. Sheria inasema ukiandika umri kwenye chupa, uandike wa wiski changa kuliko zote zilizomo, basi, hizo nyingine usizitaje. Compass Box walitaka kumwambia mnywaji kila kitu, umri wa kila wiski iliyochanganywa, wakazuiwa. Wakafanya nini? Mwaka 2016 wakaanzisha kampeni ya kudai ruhusa hiyo, na mwaka huo huo wakatoa chupa iitwayo Three Year Old Deluxe. Ndani yake wiski ya miaka 3 haifiki hata asilimia 1, zilizobaki zimekomaa miaka mingi zaidi, lakini jina linatamka 3 kwa sauti kubwa! Safi sana. Kila mtu akauliza, na kila aliyeuliza akaielewa ile sheria. Mimi ninayetoa pesa yangu nina haki ya kujua ninachokunywa, na hawa ni watu waliopigania haki hiyo hadharani.

Glaser mwenyewe aliondoka mwaka 2024, lakini Hedonism niliyoionja bado ina ule ujasiri wa jikoni, ninaapa.

Basi nakuomba, kama kileo ni njia yako na hutashika usukani usiku huo, usipitwe. Ukikutana na Spice Tree popote, hata kwa rafiki, omba kidogo. Usitie soda, usitie barafu kwanza. Inusa, subiri, inusa tena, kisha dondoshea maji kwa ncha ya kijiko. Na kama ni mara yako ya kwanza, anza na Hedonism, halafu uniambie kama hukuisikia ile nazi!